Naota nyumba ya bibi kila mara, nawezaje kuifinyanga?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakaa Ngamiani hapa Tanga ila kwetu ni Pangani. Tangu bibi yangu afariki naota nyumba yake, ni ile ile lakini kila mara kuna kitu kimebadilika, mara mlango umehamia upande wa baharini, mara ndani kumejaa maji na mimi natembea tu. Nimejaribu kuifinyanga mara mbili, nyumba nzima na paa lake la makuti na baraza, udongo nilichukua kule kwenye mikoko. Ya kwanza ilipasukia motoni. Ya pili ilitoka nzima nikafurahi, wiki tatu baadaye iko kabatini ikaanza kubanduka magamba yenyewe. Tena walioiona wakaniambia inafanana na vinyumba vya kuuzia watalii. Tanuri sina, mama hataki masanamu ndani. Na nina vigae vya mtungi wa bibi uliovunjika siku ya msiba, nilitaka kuvibandika juu ya kazi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana, Mungu amrehemu bibi. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo, ntaanza na hilo la watalii maana naona ndo limekuuma kuliko hata hiyo iliyopasuka.

Waliokwambia hivyo hawakukosea sana, ila mkono wako hauna shida. Shida ni kwamba umefinyanga nyumba nzima, kuta, paa, baraza, yaani umefinyanga kile ambacho kila mtu anajua nyumba ya Pangani inatakiwa iweje, muuza vinyago anakijua, mgeni naye alishakiona kwenye picha kabla hajapanda ndege. Ulichoota wewe ni kingine. Hebu rudia kusoma ulichoandika, ukiwa unaeleza ndoto hujagusa paa hata kidogo, umesema mlango uliohama na maji ndani. Basi hivyo viwili ndo mali yako, hayo mengine ni ya wote. Na wala sio kwamba mambo ya njozi hayauziki au ni ya kitalii, hao Wamakonde wanaochonga mashetani, ule mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa miaka ya 1950, mwanzoni kilikuwa kitu ambacho mtu hajawahi kukiona popote, kikaja kuwa cha kitalii pale watu mia walipoanza kurudia kilekile cha mwenzao.

Kwa hiyo mi nakushauri hivi, usifinyange ndoto. Finyanga kitu kimoja tu kilichobaki na wewe ukiamka, halafu hayo ya kumbukumbu na muda waachie udongo na moto, wao wanayaweza kuliko mimi na wewe. Jibu langu lote ni hilo, huku chini nakuonyesha tu unalifanyaje kwa mikono.

Kunasa ndoto kwanza. Wengi watakwambia weka daftari karibu na mto, au jirekodi kwenye simu. Sio mbaya, lakini kwa mfinyanzi kuna njia mi naiona inafaa zaidi. Chukua donge la udongo linaloenea kiganjani, lifunge kwenye nailoni lisikauke, liweke chini ya kitanda. Ukiamka tu, kabla hujasemeshana na mtu, kabla hujashika simu (simu ndo mwizi mkubwa wa ndoto siku hizi), libonye. Usitengeneze kitu! Libonye tu vile ndoto ilivyokuwa mwilini, kama ilikuwa inakukaba, kama ulikuwa unaelea, kama ulikuwa unasukuma mlango haufunguki. Mbonyo mmoja miwili basi, weka dirishani, nenda kapige mswaki. Ndoto inapotea haraka sana mtu akishaamka, na ukianza kuisimulia inageuka hadithi, inapewa mwanzo na mwisho ambao haikuwa nao, sasa hapa mkono unawahi kabla mdomo haujafika. Mwezi ukiisha utakuwa na madonge kibao dirishani, mengi hayana lolote, hayo rudisha kwenye ndoo yalowe, ila yatakuwepo mawili matatu ambayo ukiyashika vidole vinaingia vyenyewe kwenye mashimo yake na ile hali inakurudia. Hayo sasa ndo ya kukuza yawe kazi.

Kumbukumbu nayo ina tabia yake. Mwaka 1932 mwanasaikolojia mmoja wa Cambridge kule Uingereza, Frederic Bartlett, alitoa majaribio yake ambapo aliwapa watu hadithi ngeni ya Wahindi Wekundu wa Marekani, kisha akawa anawaambia waisimulie tena baada ya muda, na tena, na tena. Kila ikirudi imefupika, na vile vitu vigeni vimegeuzwa vya nyumbani kwao, mtumbwi umekuwa boti. Yaani mtu hatoi kumbukumbu kabatini ikiwa vilevile, anaijenga upya kila akiihitaji. Ndo maana mlango wa bibi unahama, wewe ndo fundi unayeuhamisha.

Hilo litumie. Kila wiki finyanga mlango wa bibi, bamba dogo tu la kuenea viganja viwili, kwa kichwa, bila kuangalia picha na bila kuangalia ule wa wiki iliyopita. Ukimaliza ficha. Usiurekebishe ufanane na ukweli, na wala usimpigie shangazi kumuuliza nakshi zilikuwaje. Ikifika kama kumi hivi itoe yote uipange ukutani kwa foleni na hutaamini macho yako, utaona kitasa kinakua wiki baada ya wiki, utaona nakshi zinapotea, pengine wa mwisho hauna hata tundu la ufunguo. Foleni hiyo tayari ni kazi kamili, na muda umeingia bila wewe kuweka saa. Maana wengi wakisikia "muda" wanakimbilia kufinyanga saa ya ukutani iliyopindapinda, tafadhali usinifanyie hivyo.

Mama na masanamu. Hapo sintajifanya shekhe, ya dini waulizwe wenye elimu yake, na mama yako mheshimu, nyumba ni yake. Ila kama fundi nakwambia hukosi kitu, sababu bibi hahitaji kuwa na sura ili awepo. Pwani yetu hii watu wamesema mengi miaka na miaka kwa mlango, kwa chetezo, kwa mtungi, kwa vidaka vya ukutani, wengine mnaita mashubaka. Kuna mfinyanzi mkubwa duniani aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, Magdalene Odundo, vyungu vyake havina uso wala mikono lakini ukisimama mbele yake unaona shingo, tumbo, mtu kakaa na hadhi yake kamili.

Halafu fanya hivi, siku ukienda kwenu Pangani shuka Tongoni, si unapita nayo njiani. Utaona magofu ya msikiti na makaburi, mengine yalikuwa na nguzo na nyingi zimeshaanguka. Makaburi ya nguzo ya pwani hii watu walikuwa wanayapachika mabakuli ya kaure yaliyotoka ng'ambo. Bakuli zilishang'oka au kung'olewa zamani, pamebaki kishimo cha duara kwenye chokaa, na ukitia kidole unaona kabisa kitako cha bakuli kilikaa hapa, ukingo wake ulifika hapa. Mi naona kile kishimo kinasema zaidi kuliko bakuli ingekuwepo. Sasa fikiria wewe unafinyanga bamba nene la ukuta lenye kidaka, na ndani ya kidaka umekandamiza kitako cha kikombe cha bibi udongo ukiwa bado mbichi, kisha umekitoa kikombe. Hamna sanamu hapo, mama hana cha kugombana nacho, na wewe umesema kila kitu. (Ila vigae vya Tongoni usiokote, hata kama viko chini vimelala tu. Mambo ya kale yanalindwa na sheria tangu 1964, na kigae kikishahama mahali pake wataalamu hawawezi kukisoma tena.)

Haya, udongo. Hapa nakaa kidogo maana ndo penye kesi zako mbili na kila moja ina sababu yake.

Ile iliyopasukia motoni ni maji. Watu wanasema mapovu ya hewa ndo yanalipua, sio kweli, hewa kidogo ndani ya ukuta mkavu haina madhara. Kinacholipua ni unyevu, maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji, ukuta ukiwa mnene hauna pa kuutolea, paa! Sasa nyumba yako nadhani chini uliiacha nene, au uliichoma imekauka nje tu. Hapa Tanga hewa yenyewe ina unyevu, msimu wa masika kitu kinaweza kukaa siku nyingi na tumbo lake bado bichi. Kipimo chake bandika kazi shavuni, ukisikia ubaridi bado maji yamo. Kuta zisizidi sentimita moja na nusu, kazi ikiwa kubwa ikate katikati kwa waya ikishaanza kukaza, kwangua ndani kwa kijiko iwe wazi, kisha kwaruza kingo mbili, paka uji wa udongo, unganisha, na uache tundu sehemu isiyoonekana. Na udongo mtupu usifanyie kazi nene, tia vigae vilivyotwangwa, ndoo moja ya vigae kwa ndoo tatu za udongo inatosha, vinafungua njia ya maji kutoka na vinapunguza kusinyaa. Udongo unasinyaa bwana, kuanzia kukauka hadi kuchomwa unaweza kupoteza asilimia 5 hata 12 ya urefu wake, kwa hiyo kama unataka kidaka kiingie kitu fulani kifanye kikubwa kidogo.

Ile ya pili ni chokaa, na hii ndo inanifurahisha mimi, utaona kwa nini. Tope la mikoko limejaa vipande vya magamba, kome, chaza, konokono, chengachenga za matumbawe. Wewe mtu wa Pangani unajua chokaa ya kujengea zamani ilitoka wapi, watu walipanga kuni na matumbawe wakayachoma, kisha wakayamwagia maji yakafura na kuvunjika yakawa unga. Basi ndani ya nyumba yako umechoma tanuu dogo la chokaa bila kujua. Moto ukikaribia nyuzi 800 na kuendelea lile gamba linapoteza gesi yake na kubaki chokaa kali, kazi inatoka nzima inapendeza, unaiweka kabatini. Halafu polepole ile chokaa inavuta unyevu wa hewani, inafura, inasukuma udongo ulio juu yake mpaka unabanduka. Ukiangalia kwa makini kila palipobanduka utakuta chini yake kidoa cheupe. Angalia uniambie.

Kuzuia ni kazi ya kawaida tu. Kwanza pima, chukua udongo mkavu kidogo udondoshee siki, ukitoa povu kuna chokaa humo. Kama chokaa ipo, loweka udongo kwenye ndoo mpaka uwe uji, chuja kwa chandarua kuukuu kilichokunjwa mara mbili, hizo chenga kubwa zitabaki juu, chenga ndogo kabisa hazina nguvu ya kubandua. Choma moto wa chini, usizidi 750 hivi, na angalia, hata moto wa wazi wa kuni unaweza kupita hapo. Kuna wafinyanzi sehemu nyingi duniani wanaochanganya magamba ya kome makusudi, na wao wanatia chumvi au maji ya bahari kidogo maana chumvi inapunguza huko kubanduka, na wengine kazi ikipoa wanaizamisha kwenye maji chokaa ilainike haraka badala ya kufura kidogokidogo. Njia rahisi kuliko zote achana na mikoko, tope lile lina chumvi tele yenyewe na itakutokea nje kama unga mweupe. Panda juu kidogo, Muheza, Korogwe, waulize kina mama wanaofinyanga, Wasambaa hiyo kazi ni ya wanawake toka enzi, wao wanajua bonde lipi lina udongo mzuri na ukienda kwa adabu na sukari mkononi hawakunyimi.

Sasa kwa nini nimefurahi. Umesema unataka kazi ya kumbukumbu na muda, halafu umepata kazi inayobadilika yenyewe kabatini wiki tatu baada ya moto, ukaiita imeharibika! Hebu fikiria unafinyanga ukuta laini kabisa kwa udongo safi uliochujwa, ila sehemu moja tu, pale mlango wa bibi ulipokuwa, unapachika chenga za magamba kwa mpangilio unaoutaka chini ya ngozi nyembamba ya udongo, unachoma kama 900, unautundika. Siku ya kwanza watu wanaona ukuta. Wiki zinapita mlango unajitokeza, kigamba kwa kigamba. Hutakuwa na uwezo wa kusema lini, hali ya hewa ndo itaamua, masika utaenda mbio, kaskazi itakuwa taratibu. Fanya kwanza vibao vidogo vya majaribio, vingine chenga nyingi vingine chache, uviandike nyuma tarehe. Na kama utamuuzia mtu mwambie kabisa hiki kitu kitabanduka na ndivyo kilivyotakiwa, asije akakurudishia usiku usiku.

Udongo wenyewe nao una kumbukumbu, hii kila mfinyanzi ameshakutana nayo. Ukikunja bamba bichi kisha ukalinyoosha likalala sawa kabisa, likikauka na likiingia motoni linaanza kurudi kule lilikokunjwa. Chembe za udongo ni bapa, zimelaliana kama karata, ukizikunja zinajipanga upya na ule mpango haufutiki kwa kupapasa juu juu. Mafundi wa vigae vya sakafu wanaichukia tabia hii. Wewe una mlango unaohama! Kata mlango, upindishe upande wa bahari, unyooshe, uweke ukutani umesimama wima, choma. Utatoka umeegemea upande, kidogo tu, na hata wewe hutajua kwa kiasi gani mpaka siku ya kufunua majivu.

Maji ya ndani ya nyumba mi ningeyafanyia kwa kamba au kitambaa. Tanga hii tuna mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe, huko huko kwenu Pangani, kwa hiyo nyuzi hazikusumbui. Chovya nyuzi za mkonge au kipande cha khanga chakavu kwenye uji mzito wa udongo, mara kadhaa ukiacha inyauke katikati, ipange kwenye sakafu ya kidaka ikiwa na mawimbi yake. Motoni uzi unaungua wote unabaki mrija mwembamba wa udongo, ndani tupu, na nje una kila mkunjo wa kile kilichoungua. Ni dhaifu sana, usiichukue kwa ncha. Na khanga ya bibi usichome tafadhali, tumia yoyote.

Tanuri sina. Bibi zetu wote hawakuwa nalo na vyungu vimepikia harusi. Unachagua kati ya viwili. Moto wa wazi, unatandika vigae vibovu chini, kazi juu yake, pembeni kuni ndogo, makumbi na vifuu vya nazi, pumba za mpunga kama unazipata, juu unafunika na vigae vingine. Kabla ya yote kazi ipashwe, iweke juani kutwa, kisha pembeni ya moto mdogo wa moshi saa moja au mbili ukiigeuza, usiwe na haraka hapo maana ndo penye mlipuko. Ikishapita hapo unaongeza. Kati ya 450 na 600 hivi ule udongo unapoteza maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe, ukishavuka hapo haurudi tena kuwa tope hata uuloweke mwaka. Unatafuta wekundu wa giza unaoonekana usiku, ndo maana wengi huchoma jioni. Kuna nyuzi 573 ambapo mchanga ulio ndani ya udongo unafura ghafla, na ukipoa unasinyaa ghafla palepale, kwa hiyo usifukue kazi ingali nyekundu ukimbilie kupiga picha, iache ilale na majivu yake mpaka asubuhi. Najua utaniambia kina mama wanatoa vyungu vyekundu kabisa, ndio, ukuta wa chungu ni mwembamba na sawa kila mahali, kidaka chako sicho.

Njia ya pili ni tanuru la tofali. Huko Muheza na Korogwe watu wanachoma tofali, mtafute fundi ongea naye vizuri akuwekee kazi yako katikati ya tanuru wakati anapanga, sio karibu na mdomo wa moto. Unapata moto wa juu, mpole, wa siku nzima na zaidi, bila gharama ya kuni. Hiyo kazi ya magamba ndo inahitaji moto wa hivi. Ila kwa kazi nyingine hakikisha udongo hauna chokaa, la sivyo unarudi kulekule.

Rangi wala usinunue. Ukitaka mwekundu acha moto upumue. Ukitaka mweusi, moto ukiwa mwishoni funika kazi na pumba au majani makavu kisha uzibe hewa kwa majivu na bati, moshi unazama kwenye udongo. Odundo naye ule weusi wake unatokana na moshi wa namna hiyo, sio rangi ya kupaka, kabla ya hapo kazi inasuguliwa ikiwa nusu kavu mpaka inang'aa. Jiwe laini la mtoni linatosha, au kijiko.

Na jambo moja kuhusu muda ambalo watu wengi hawalijui. Chembe za mchanga ndani ya kigae zinakusanya nishati ya mionzi ya asili inayotoka kwenye udongo unaozizunguka, mwaka hadi mwaka. Ukizipasha moto mkali, nyuzi 500 hivi, zinaiachia yote kwa mwanga hafifu na kuanza upya kutoka sifuri. Kwa hiyo wataalamu wakichukua kigae cha kale, wakapasha chenga zake maabara na kupima ule mwanga, wanaweza kukadiria kilichomwa lini. Siku utakayochoma kidaka chako saa yake inaanza kuhesabu, upende usipende.

Ndo tunafika kwenye vigae vya mtungi. Kuvibandika juu, hapana. Kwanza vitaanguka, udongo mbichi unasinyaa na kigae kilishasinyaa zamani, lazima nyufa zizunguke. Pili ndo inarudi kuwa pambo, mtu anasogea anaona ah, vigae, anapita. Mi ningechukua nusu yake, nikaviosha masizi, nikavijaribu kwa siki, nikavitwanga kwenye kinu, nikavichekecha, halafu hiyo ndo iwe ile ndoo moja kwa tatu niliyokwambia. Mtungi wa bibi unakuwa ndani ya ukuta wa kazi, ndo unaoushikilia usipasuke, na hakuna anayeuona isipokuwa wewe. Wafinyanzi toka zamani wanatwanga vyungu vilivyovunjika kutengenezea vyungu vipya, hufanyi jambo la ajabu.

Nusu nyingine usiguse. Tena kabla hujainua mchi waulize mashangazi zako, mtungi uliovunjika siku ya msiba sio wako peke yako, na kuna mmoja wao nina hakika ameshaweka kipande chake mahali.